Jiwe la Msingi la Duka la Mito

Ipo nchi moja, mbali na hapa, na msomaji atakayedhani anaitambua atakuwa amekosea njia. Jina lake sitalitaja, wala si kwa woga. Jina la zamani lilifutwa ili litafutwe kubwa zaidi, kamati ikaundwa, na hadi ninaposimulia habari hizi kamati bado iko kwenye semina elekezi huko milimani, katika hoteli yenye bwawa la kuogelea. Kwa hiyo tutaiita "nchi ile", kama wanavyoiita wenyewe.

Nchi ile inapenda sana mawe ya msingi. Ukitembea barabarani utakutana na bamba la marumaru linalosema kwamba mheshimiwa fulani aliweka hapa jiwe la msingi la hospitali ya rufaa, na nyuma ya bamba mbuzi wanakula majani. Mbele kidogo kuna jiwe la chuo kikuu, kina mama wameanika mihogo juu yake. Jiwe la kiwanja cha ndege liko kwenye uwanja wa mpira, karibu na goli la kaskazini, na makipa wa nchi ile wamelizoea kama beki wa ziada. Wananchi hawalalamiki. Wanasema sehemu muhimu imeshakamilika, kilichobaki ni majengo tu.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Kudra Mlekwa, mshona mito ya kulalia. Alinunua sufi kwa magunia, akaichambua, akaijaza kwenye foronya alizoshona kwa cherehani moja kuukuu, kisha akapiga picha na kuziweka mtandaoni. Mteja akipenda aliandika ujumbe, na mto ukapelekwa kwa bodaboda. Duka lake halikuwa na mlango wala bango. Duka zima lilikaa ndani ya simu yake: picha, namba za wateja, oda zao, na shukrani walizomwandikia baada ya kulala vizuri. Mwalimu mstaafu mmoja, mtu wa shingo kukakamaa, aliandika kwamba alijilaza kwenye mto wa Kudra ili asome gazeti, na alipoamka habari zote za gazeti lile zilikuwa zimeshakanushwa.

Mume wa Kudra alikuwa mbali, ameajiriwa kwenye mradi wa barabara wa miaka thelathini, na barua zake zilisema anaendelea vizuri, ila bado hajakabidhiwa koleo. Nyumbani Kudra aliishi na wifi yake Sijaona, dada wa mume huyo. Sijaona alikuwa na ulimi mkali na mikono myepesi. Alijaza sufi, alijibu wateja wasumbufu, na alimchekesha Kudra mpaka sindano ikapotea njia. Kudra alimpenda kwa moyo wote, jambo ambalo mawifi wengi huona haya kulikiri.

Lakini cherehani ilikuwa moja, na cherehani moja haiwezi kulisha watu wawili. Sijaona alikuwa ameshapewa neno na shangazi yake wa mji mwingine aende akamsaidie kuuza mitumba. Kudra akajiwekea lengo: kabla ya kipupwe, msimu ambao watu hununua mito kuliko wakati wowote, anunue cherehani ya pili, wifi yake akae hapohapo ashone. Alikuwa amekaribia. Oda zilizobaki kwenye simu zilitosha kabisa.

Hapo ndipo serikali ya nchi ile ilipougundua mtandao.

* * *

Ugunduzi huo uliistua sana. Iligundulika kwamba kwa miaka mingi wananchi walikuwa wakifanya biashara humo ndani, wakinunua na kuuza, na hakuna kiongozi hata mmoja aliyewahi kualikwa kuzindua. Hakuna utepe uliokatwa. Hakuna kwaya iliyoimba. Jambo kubwa kiasi hicho lilikuwa limeanza lenyewe, na linaendelea, na watu wanakula kwalo bila aibu.

Kazi ya kurekebisha kasoro hiyo ikapewa Wizara ya Malengo Makubwa, chini ya Mheshimiwa Daktari Mhandisi Balozi Lutengano Msokwa. Wizara ikatoa tangazo. Kila biashara ya mtandaoni itapaswa kuwa na lengo la muda mrefu, lisilopungua miaka hamsini, na itasimamisha mauzo yote hadi lengo hilo litakapozinduliwa na kiongozi. Tangazo lilifafanua kwamba huwezi kuuza kitu kabla hujaanza, na huwezi kuanza kabla hujazinduliwa, na aliyekwisha kuanza ahesabiwe kuwa hajaanza.

Kudra akavaa gauni lake la kwendea ofisini, akaenda kwa Afisa Malengo wa Wilaya, Bwana Njelu. Alimkuta amesimama nyuma ya meza. Kiti chake kilikuwa kimevunjika mguu, na ukarabati wake ulikuwa umeingizwa katika Dira ya Samani ya miaka arobaini, kwa hiyo hakuruhusiwa kupigilia msumari kabla ya zamu yake. Alikuwa mtu mpole, mwenye miguu iliyovimba. Alimkaribisha Kudra akae, kisha akakumbuka, wakasimama wote.

"Lengo lako la muda mrefu ni nini, mama?"

"Cherehani ya pili, bwana afisa. Kabla ya kipupwe."

Bwana Njelu alikwenda kufunga mlango, akarudi akiwa ameshusha sauti. "Mama, usije ukasema hivyo mbele ya watu. Hilo linaweza kutimia."

Kudra akasema ndiyo sababu amelichagua. Afisa akamwonea huruma. Alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni wa mji, kwamba lengo likitimia limekwisha, na mtu ambaye lengo lake limekwisha serikali haijui imweke wapi. Afisa aliyemtangulia ofisini hapo alikuwa na tabia hiyo. Aliweka lengo la kuchimba choo cha wilaya, na choo kikachimbwa. Tangu siku hiyo alitazamwa kwa mashaka, hakualikwa tena kwenye semina, na mwishowe akahamishiwa idara isiyo na dirisha.

Wakakaa, yaani wakasimama, wakatunga lengo pamoja. Kudra alianza kwa kusema kila nyumba ya mtaa wao. Bwana Njelu akatikisa kichwa akauliza mtaa ni kitu gani mbele ya miaka hamsini. Wakapanda hadi wilaya, wakapanda hadi nchi nzima, wakafika dunia. Hapo afisa akasita. Alikuwa amesikia kwamba nchi jirani ina muuza vitunguu ambaye lengo lake limegusa mwezi, na hakutaka wilaya yake ibaki nyuma. Basi wakaandika kwamba ifikapo mwisho wa karne, vichwa vyote vya duniani, pamoja na vitakavyokuwapo mwezini, vitakuwa vimelala juu ya mito ya Kudra. Kudra akauliza kama mwezini mto hutulia chini ya kichwa au huelea. Afisa akamjibu kwamba hiyo ni changamoto, na changamoto zote zimetengewa awamu ya pili.

* * *

Siku zikapita bila kuuza. Kudra hakujua kukaa bure, akaendelea kushona, na mito ikazidi kujaa ndani. Ilijaza sebule, ikaingia jikoni, ikafunga njia ya kwenda uani. Mtu akitaka chumvi ilibidi aogelee. Simu nayo haikunyamaza. Mlio wake ulikuwa wa jogoo, Kudra aliuweka ili asichelewe kuamka, na sasa jogoo huyo aliwika asubuhi hadi jioni, wateja wakiuliza mito yao iko wapi. Mwalimu mstaafu, ambaye mto wake wa kwanza ulikuwa umechakaa, alipiga zaidi ya wote. Shingo yake, alisema, imefika mahali ambapo akitaka kumsalimia jirani wa kulia lazima azunguke mwili mzima. Kudra alimjibu kama alivyoelekezwa na ofisi, kwamba oda yake imepokelewa na itashughulikiwa ndani ya karne. Alipokata simu aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Sijaona akaanza kufungasha. Aliweka khanga zake kwenye begi, akaenda kutafuta viatu, na aliporudi begi lilikuwa limemezwa na mito. Akalitafuta asubuhi nzima. Kudra alimsaidia kulitafuta, na nitasema ukweli, alilitafuta mahali ambapo alijua fika halipo.

"Wifi," Sijaona akamwambia akiwa amezama hadi kiunoni, "mimi siendi kwa kupenda. Naenda kwa sababu hapa tunakula lengo, na lengo halina chumvi."

Kudra alilia kidogo juu ya mto mmoja, mto ukanyonya machozi yote kwa sababu ulikuwa mto mzuri.

Kabla begi halijapatikana, Bwana Njelu alikuja mbio na habari. Wizara ilikuwa imepitia malengo ya biashara zote za mtandaoni, na lengo la Kudra ndilo lililokuwa mbali kuliko yote. Limeteuliwa kuwa lengo la mfano. Mheshimiwa Msokwa atakuja mwenyewe kuliwekea jiwe la msingi. Kudra akamwomba Sijaona angoje mpaka siku hiyo ipite, kwa kuwa ikipita huenda mauzo yakafunguliwa. Sijaona akakubali, na akaongeza kwamba hata akikataa hana begi.

* * *

Kamati ya maandalizi ikafika, Bwana Njelu akiwa mwenyekiti. Shughuli yake ya kwanza ilikuwa kuonyeshwa eneo la mradi. Kudra akasema biashara yake iko mtandaoni. Wakaandika. Kisha wakauliza mtandao huo uko kata gani, na kama umepimwa. Kudra akaeleza tena, na tena, na mwisho, kwa kuchoka, akainua simu akasema duka zima limo humu.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Kamati ikafurahi, maana sasa kulikuwa na kitu cha kuweka jiwe juu yake. Mpima ardhi wa wilaya akaitwa. Akailaza simu katikati ya uwanja wa nyumba, akaipima kwa kamba urefu na upana, akasimika bikoni nne za njiti za kiberiti kwenye pembe zake. Kuku akapita akaziangusha. Mpima ardhi akaipima simu upya, safari hii akilipwa posho ya mazingira magumu, na namba ya simu ile ikaingizwa kwenye gazeti la serikali kama kiwanja halali kisichohamishika.

Kisha jiwe likaletwa kwa lori ili Kudra alione. Lilikuwa bamba la marumaru nene kama godoro, pana kama meza ya kulia watu wa ukoo. Wateja wake wote walikuwa ndani ya kile kidude cheusi, kila namba, kila oda, cherehani ya pili na Sijaona mwenyewe, na hawa watu wa suti walikusudia kukiwekea mlima.

Aliomba jiwe dogo. Kamati ikamweleza kwamba ukubwa wa jiwe ndio ukubwa wa lengo. Aliomba liwekwe pembeni. Wakamuuliza tangu lini msingi ukakaa pembeni ya nyumba. Aliomba watumie simu nyingine, mbovu, aliyokuwa nayo kabatini. Mpima ardhi akakasirika na kusema huko ni kubadilisha matumizi ya ardhi.

Jioni ile aliketi na Sijaona juu ya mito wakitafakari. Sijaona alitaka waikimbie nyumba na simu yao. Kudra alikuwa ameshika mto mmoja mapajani, anauminya bila kufikiri, na ghafla akakumbuka sherehe zote alizowahi kuziona katika nchi ile, na mkasi wa kukatia utepe unavyoletwa kila mara. Asubuhi alimfuata Bwana Njelu ofisini.

"Bwana afisa, naomba kuuliza. Mkasi wa mheshimiwa huletwa juu ya nini?"

"Juu ya kimto, kile kitakia chekundu, mama. Itifaki hairuhusu mkasi kubebwa hivihivi."

"Na kati ya mkasi na jiwe, mkubwa nani?"

Rangi ilimpotea Bwana Njelu. Akashika ukingo wa meza. Kwa miaka yote hiyo, nchi nzima ilikuwa ikilaza mkasi kwenye kitakia na kulitupa jiwe juu ya udongo mtupu, jiwe ambalo hubeba jina la mheshimiwa. Aliona mbele yake idara isiyo na dirisha. Akamshika Kudra mkono akamwomba, kama dada yake wa tumbo moja, asimwambie mtu kwamba kamati haikuliona hilo mapema. Kudra akasema hatamwambia yeyote, na mito anayo.

* * *

Siku ya uzinduzi mahema yakasimama hadi barabarani. Bendi ya polisi ilipiga, kwaya ikaimba wimbo uliotaja mwezi mara nyingi, na redio ya taifa ikarusha matangazo moja kwa moja. Mheshimiwa Msokwa alishuka garini akiwa na kinasa sauti kidogo cha matangazo hayo kilichobanwa kwenye ukosi wa koti. Mshereheshaji akaanza kumtambulisha, na mheshimiwa alisimama akisubiri mpaka shahada zake ziishe.

Kudra, aliyekuwa karibu, aliona jambo ambalo picha za ukutani hazionyeshi. Macho ya mheshimiwa yalikuwa mekundu na mashavu yamening'inia. Ukweli ni kwamba tangu ateuliwe hakuwa amelala vizuri. Kila alipofumba macho, malengo ya taifa yalipanga mstari kitandani kwake, kila moja na mwaka wake, yakimuuliza yataanza lini. Na mto wake wa kiserikali ulikuwa umepatikana kwa zabuni, ukajazwa maranda ya mbao.

Alihutubia hata hivyo. Alisema nchi ile haitafuti mafanikio ya kesho, mafanikio ya kesho ni ya watu wenye haraka. Alisema biashara ya mtandaoni ni bahari isiyo na nanga, na ndiyo maana ameileta nanga ya marumaru. Watu wakapiga makofi pale walipoelekezwa kupiga makofi. Kisha akainua mkono akagusa jiwe, vijana wenye misuli wakalibeba, wakalishusha juu ya rundo la mito lililoifunika simu.

Jiwe likazama. Lilishuka taratibu, mito ikapanda pande zote, ikalifunika jina la mheshimiwa, ikafunika tarehe, mpaka hapakuonekana kitu ila kilima cheupe. Kamati ikatazamana. Hakuna aliyewahi kuona jiwe la msingi likiingia ndani ya msingi. Na katika ukimya huo, kutoka chini kabisa, jogoo akawika.

Kudra alifumba macho kwa furaha na hofu kwa pamoja. Simu ilikuwa nzima, na aliyepiga, bila shaka, alikuwa mwalimu mstaafu.

Mheshimiwa Msokwa hakupata cheo chake kwa kuzubaa. Aliinua mkono, akatangaza kwa sauti nzito kwamba wananchi wamesikia wenyewe, lengo linaita. Akapiga magoti, akainama, akaweka sikio juu ya mto ili alisikilize. Bendi ikapiga ngoma ndogo ya kungojea. Makofi yakaanza, yakaendelea, yakachoka, yakaisha. Mheshimiwa alikuwa bado ameinama. Halafu vipaza sauti vyote, na redio za nchi nzima, vikaanza kutoa mkoromo mrefu, wa mtu aliyesamehewa kila kitu.

Hakuna mwenye mamlaka ya kumwamsha waziri katika nchi ile. Lakini ipo sheria kwamba asiwepo afisa atakayeinua kichwa juu kuliko cha mheshimiwa, na sasa kichwa cha mheshimiwa kilikuwa karibu na ardhi. Wakurugenzi wakaanza kushuka vitini. Wakaomba mito. Kudra na Sijaona wakaitoa ndani kwa mikupuo, Bwana Njelu akiigawa kwa kufuata vyeo, wakurugenzi miwili miwili, wasaidizi mmoja mmoja, mpima ardhi nusu mto, maana nusu nyingine ilishakaliwa na yule kuku. Bendi ikajilaza na matarumbeta yake. Bwana Njelu alikuwa wa mwisho. Aliangalia kushoto na kulia, akavua viatu kwenye ile miguu iliyovimba, na kabla kichwa hakijafika alikuwa ameshachukuliwa na usingizi.

Serikali nzima ikalala. Wananchi, ambao hawana cheo na kwa hiyo hawakupangiwa mto, walibaki macho peke yao, hali waliyoizoea. Mama mmoja akamnong'oneza Sijaona kuuliza mito hiyo ni bei gani. Sijaona akamjibu kwamba haijaanza kuuzwa, na wote wawili wakaguna.

* * *

Jua lilipopoa mheshimiwa akaamka. Uso wake ulikuwa umerudi utotoni, na shavuni palikuwa na alama ya pindo la foronya. Aliukumbatia mto, akamwona Kudra.

"Mama, mto huu unauzwaje?"

"Hauuzwi, mheshimiwa. Bado hatujaanza."

Alimgeukia Bwana Njelu, aliyekuwa akifuta mate kwa tai, naye akamsomea lengo na mwaka wake. Mheshimiwa akahesabu kwa vidole akafika mwisho wa mikono yote miwili. Akasema kwa masikitiko kwamba atakuwa ameshakufa. Bwana Njelu akakubali, ila akamtia moyo kwamba atakuwa amefia ndani ya dira.

"Na leo nitalala wapi?" mheshimiwa akauliza. Wizara haikuwa na dawati linaloshughulikia leo.

Kudra alikuwa na hasira naye ya siku nyingi, lakini alipomwona amekumbatia mto namna ile hasira ilimwishia. Akamwambia kwamba yeye mwanzoni aliomba jambo dogo tu akakataliwa. Aliomba cherehani ya pili kabla ya kipupwe, ili wifi yake yule pale asiondoke. Mheshimiwa akamtazama Sijaona, akatazama begi lililokuwa limeonekana baada ya mito kutolewa.

"Hilo linaweza kutimia," akasema polepole. "Na likitimia, watu watakuja kutuuliza ya kwetu."

"Hawatauliza, mheshimiwa," Kudra akasema. "Likitimia sisi tutanyamaza."

Mheshimiwa aliyapima maneno hayo, na akayaona mazuri. Akasimama, akatangaza kwamba uzinduzi huu ni mkubwa mno kuisha siku moja, kwa hiyo utaendelea mpaka lengo litimie, na kwa kuwa unaendelea, wageni waalikwa wanaruhusiwa kununua mito wasije wakakaa chini. Bwana Njelu akauliza wageni waalikwa ni akina nani. Mheshimiwa, akiwa ameshaelekea garini na mto kwapani, akasema ni wananchi wote. Mama aliyenong'ona akawa wa kwanza kulipa. Vijana wenye misuli wakainua pembe ya jiwe, Kudra akatumbukiza mkono hadi begani, akaichomoa simu yake, na jogoo akawika mkononi mwake. Mwalimu mstaafu alikuwa amesikiliza redio, na alitaka mto uleule aliosikia ukikoromewa.

Kuna jambo moja mheshimiwa alilisahau. Kinasa sauti kilikuwa bado ukosini. Mazungumzo yote ya pale kwenye mito, pamoja na ile ahadi ya kunyamaza, yalisikika katika kila nyumba ya nchi ile, kijijini na mjini. Na wananchi, ambao hupewa hotuba nyingi na hushika chache, hiyo waliishika.

Siku hizi, ukipita katika nchi ile, utasikia malengo makubwa kuliko zamani. Muuza sabuni wa mtandaoni anakusudia kuosha bahari. Mpika vitumbua anataka kulisha sayari ambazo bado hazijaonekana. Wanayatangaza kwa sauti, wanayawekea mawe, wanapiga makofi. Kisha wanaingia ndani, wanafunga mlango, na mmoja ananunua sufuria kubwa, mwingine anaziba paa, mwingine analipa ada ya mwanawe, na hakuna anayesema neno. Wizara inaripoti kila mwaka kwamba hakuna lengo hata moja lililofikiwa, na hali ni shwari.

Kwa Kudra, wakaguzi huja kila kipupwe kuangalia kama kuna chochote kilichojengwa juu ya lile jiwe. Wanamkuta amekaa na cherehani yake kuukuu, na mbele yake, juu ya marumaru iliyotandikwa khanga, cherehani ya pili inakimbia chini ya mikono ya Sijaona, ambaye anawasimulia vichekesho bila kuinua macho. Wakaguzi wanalizunguka jiwe, wanaandika kwamba bado hakijajengwa kitu. Kisha wananunua mto mmoja mmoja, wanauficha ndani ya koti, na wanaaga kwa adabu.